Flashi ya katuni niliyowekewa njia ya stendi: uzoefu wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu apite tu.

Hapa Lindi mjini kuna kibanda cha kuwekea video kwenye flashi na memori kadi. Jina sitaji, wapita njia ya stendi wanakijua. Juzijuzi shule zimefungwa, nyumbani kwangu kumejaa watoto wa ndugu waliotoka Nachingwea, na bando la kuwaangalizia katuni wote hao siliwezi. Nikampelekea yule kijana flashi, nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: niwekee katuni za watoto, hasa zile zilizotiwa Kiswahili, nafasi ikibaki jazia vichekesho na ngoma za kwetu. Akasema "poa". Kichwa hakuinua, shikamoo sikuisikia.

Usiku nikachomeka flashi kwenye TV. Watoto mkekani, mama yangu mzazi kwenye kiti. Katuni ya kwanza safi, ya pili safi. Ikafuata singeli, watoto wakainuka wakacheza, sikuona ubaya. Mara ikaja ajali ya pikipiki. Mtu kalala barabarani, anayerekodi anamsogelea mpaka usoni, na pembeni unasikia mtu anacheka. Anacheka! Nikarukia rimoti, rimoti ikagoma, nikaishia kuchomoa waya ukutani. Yule mdogo kuliko wote, hata darasa la kwanza hajaanza, akaniuliza: "Mamdogo, yule kaka aliamka?"

Haya, nimjibu nini?

Watoto walipolala nikaipitia flashi nzima kwenye kompyuta. Kwaya, mawaidha, mapishi ya pilau, magoli, mganga anatangaza dawa ya kuvuta mali, mwanamke anasuka ukili, wake wenza wanatukanana mbele ya majirani. Mafaili mengi yanaanza na VID, zinafuata tarakimu za tarehe, halafu WA. Mtumiaji wa WhatsApp anaelewa: hizo hazikutafutwa popote, zimemwagwa kutoka kwenye simu ya mtu kama zilivyo. Alichotumiwa na rafiki zake ndicho alichoniuzia mimi. WhatsApp wenyewe mwaka 2020 waliweka kikomo, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana unautuma kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Pale kibandani kikomo hicho hakipo, kila mwenye flashi anabeba.

Moja imepewa jina "Hidaya Somanga". Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika kweli kule Somanga, Kilwa, watu wa huku hatuhitaji kuhadithiwa. Lakini iangalie hiyo video: maji yamejaa mtaani na magari yanapita upande wa kulia! Tangu lini Kilwa watu wanaendesha kulia? Na kuna watu wameitazama, wakamlilia ndugu yao aliyekuwa safarini.

Asubuhi nikarudi. Nikamwambia, mwanangu, umewawekea watoto maiti. Akavua sikio moja la hedifoni, moja kaliacha.

"Mama, mimi sijairekodi hiyo."

Nikasema najua hukuirekodi, ila wewe ndiye uliyeiweka.

"Sasa kwa buku mbili ulitaka nikae niziangalie moja moja?"

Ndiyo! Ndivyo nilivyotaka! Muuza samaki pale sokoni anamgeuza samaki akupe umwone macho, na samaki wenyewe wa bei ya chini. Akanigeukia mgongo akaendelea na mteja mwingine, mvulana wa shule, akimmiminia vilevile, ile mistari ya kijani inajaa kwenye skrini na yeye anachati. Nilitetemeka. Kwa hali hiyo nilitaka niseme hapa msiende kabisa, na mwenye mtoto amwonye.

Ila haki nayo ni haki. Kwenye flashi hiyohiyo, katikati ya takataka, kuna video ya Mtanzania aliyeingia kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, akamrekodi mjusi wa Tendaguru, yaani ile mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa. Mjusi wetu, wa Lindi hii! Simu inaanzia miguuni, inapanda, inapanda, kichwa hakionekani mpaka mwenyewe arudi nyuma. Urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mama kwao ni upande huohuo wa Tendaguru. Habari ya mjusi kaisikia tangu utotoni, kumwona amesimama hajawahi. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Halafu akaanza kuwaeleza watoto jinsi wazee walivyoibeba ile mifupa kichwani na mabegani, kwa miguu, mpaka bandarini Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbisha pale, mzigo uliopakiwa melini ukazidi tani 200. Mrekodi wa video wapagazi hakuwataja, wala Boheti bin Amrani aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, lakini simlaumu, katuonyesha tusichoweza kukifuata kwa nauli.

Kwa video hiyo moja ningelipa mara tatu ya bei. Kwa hiyo kuchanganya kwenyewe sikukatai. Bila huo mchanganyiko mama asingemwona mjusi, maana mimi nisingewaza kumtafuta.

Nikajilazimisha nikaenda tena kwa upole, nikamwomba kijana anitafutie nyingine za aina ile.

"Mjusi gani?"

Hamjui! Anaye kwenye kompyuta yake, kaniuzia, hajui kama anaye. Hapo hasira ikarudi palepale ilipokuwa, maana aliyenipa kile kizuri na aliyewapa watoto ile ajali ni mkono uleule uliofumba macho.

Mtu mzima mwenye muda wa kuchambua mwenyewe, nenda, unaweza kuokota kitu. Flashi ya watoto usimpe hata akikuwekea bure. Ile buku mbili nimemdai mbele ya watu, na mpaka sasa hajanirudishia.