Swichi ya rimoti niliyomfungia mama: miezi minne sasa

Mama anaumwa magoti, na swichi ya chumba chake iko mlangoni, mbali na kitanda. Usiku akiamka anapapasa ukuta gizani mpaka aifikie. Hilo lilininyima raha muda mrefu. Nikiwa Kampala nikanunua pakiti ya vifaa vya swichi ya rimoti, shilingi 38,000, nikaja nayo Busia.

Ndani kuna kipokezi cha infraredi (mwanga usioonekana wa rimoti) TSOP1738, chipu ya kuhesabu CD4017, transista, dayodi, rilei ya volti 5, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na ubao uliokwisha kutobolewa. Rimoti haimo, unatumia yoyote ya televisheni. Mtu aliyewahi kulehemu anamaliza jioni moja. Umeme wa saketi nilitoa kwenye chaja ya simu.

Tatizo lilianza nilipoijaribu. Nabonyeza mara moja, taa inawaka, inazima, inawaka tena, inatulia inapotaka. Nilidhani nimeunguza kitu. Kumbe rimoti haitumi pigo moja la mwanga. Inatuma msururu wa mapigo, na CD4017 inayahesabu yote. Pigo hili linawasha, lile linazima. Karatasi ya maelezo haina hata neno moja juu ya jambo hili, na kwa kweli iliniudhi, kwa sababu mwanafunzi angeitupa pakiti akidhani ni mbovu.

Dawa yake ni chipu ya 555, ya kupima muda, kati ya kipokezi na CD4017. Niliiwekea rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 10, ikawa inatoa pigo moja la kama sekunde moja na kupuuza yanayofuata. Bonyeza, achia, basi. Tangu hapo inatii.

Upande wa volti 240 sikuugusa. Nilimwita fundi wa umeme, akazima swichi kuu kwanza, akapitisha waya wa moto kwenye rilei na kuacha nyutro iende moja kwa moja, ili taa ikizimwa na rilei, holda ya balbu isibaki na moto. Tafadhali msiruke hatua hii. Saketi nzima imefungwa ndani ya boksi la plastiki.

Kwa kuwa rimoti yoyote inaikubali, haifai chumba chenye televisheni: ukibadilisha chaneli, taa nayo inazima. Huko tafuta swichi ya rimoti ya redio ya megahezi 433 yenye msimbo wake. Kwa mama hakuna shida, televisheni iko sebuleni na infraredi haipiti ukutani. Kasoro iliyobaki ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine taa inawaka yenyewe usiku wa manane. Bado naishughulikia.

Rimoti mama anaiweka chini ya mto. Dada yangu aliyeko Tororo ameshaomba ya kwake, kwa hiyo nanunua pakiti nyingine, na safari hii 555 naichukua siku hiyo hiyo.