Unga wa MS katika kuotesha upya ufuta
Unga wa virutubisho wa MS, ambao Murashige na Skoog waliubuni mwaka 1962 kwa ajili ya tumbaku, bado ndio ninaouamini ninapootesha upya ufuta (yaani kukuza mmea mzima kutoka vipande vyake), zao la mafuta lililo gumu sana maabara, baada ya kuingiziwa jeni kwa bakteria ya Agrobacterium. Ukichanganywa na gramu 30 za sukari kwa lita pamoja na homoni ya sitokinini, inayochochea vichipukizi, vipande vya kotiledoni (majani ya kwanza yaliyomo ndani ya mbegu) huvimba taratibu, na pale vilipokatwa huchomoza vichipukizi vya kijani, vidogo kama ncha ya sindano. Pakiti yangu ya mwisho, hata hivyo, ilifika ikiwa imevuta unyevu na kuganda mabonge, kosa lisilovumilika, kwani vipimo vyake haviaminiki tena. Muuzaji aimarishe ufungashaji. Unga wenyewe sina neno nao.