Uzoefu wangu: siku tano, watu tisa na jiko moja Shanzu

Nilipomwambia mama kwamba mwaka huu tunaenda Mombasa na tutakodi nyumba badala ya hoteli, hakuuliza bahari iko umbali gani wala kama kuna bwawa la kuogelea. Aliuliza, "Jiko lake likoje?"

Mama amezaliwa Mji wa Kale, akaolewa Nairobi, na huu ni mwaka wake wa 43 huko bara. Kila tukishuka pwani tulikuwa tukifikia hotelini. Tunapanga foleni na sahani, tunakula wali uliopikwa kwa mafuta ya chupa, na yeye anakaa ameweka mikono mapajani kama mgeni, katika mji aliozaliwa. Jambo hilo lilikuwa likiniuma siku nyingi. Kwa hiyo nitaisema nyumba hii kwa kuanzia jikoni, maana ndiko tulikoishi.

Tulikuwa tisa: mama, mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mdogo wangu wa kike na mumewe, na mtoto wao wa miezi kumi. Tulishuka na treni ya Madaraka Express ya saa mbili asubuhi, daraja la pili, shilingi 1,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa wale wadogo wawili. Mpaka Miritini ilikuwa saa nane mchana. Kumbukeni kwamba kituo kiko nje kabisa ya mji na Shanzu iko upande wa pili, kaskazini. Unaingia kisiwani, unatoka tena kwa Daraja la Nyali, halafu Kongowea, Bombolulu, Bamburi, ndipo Shanzu. Ukiwa na mzee na mtoto mchanga, panga gari mapema. Sisi tulipanga, tukafika alasiri watu wakiwa bado na nguvu.

Nyumba ni ya ghorofa moja, vyumba vitatu vya kulala, na kimoja kiko chini pamoja na bafu yake. Hicho ndicho kilichonifanya nilipe, kwa sababu magoti ya mama hayapandi ngazi tena. Bei ilikuwa shilingi 14,000 kwa usiku, tukakaa usiku tano, jumla 70,000. Amana ya 10,000 ilirudishwa siku ileile tuliyotoka, bila maneno. Baraza ni pana, lina kivuli cha mwarobaini, na jioni upepo wa kusi unapita hapo mpaka unatafuta leso ya kujitanda. Vitanda ni imara, mashuka yalikuwa safi na yananukia jua. Neti za juu zilikuwa na matundu, tukazifunga kwa uzi usiku wa kwanza. Kesho yake tukaletewa nyingine.

Sasa jiko. Pichani lilionekana kubwa, na kweli ni kubwa. Lina friji nzuri, jiko la gesi la vichomeo vinne, meza ya saruji ndefu, na dirisha linalotazama uani. Lakini mama alifungua kabati moja baada ya jingine, akasimama katikati ya jiko, akasema, "Mbuzi iko wapi?"

Mbuzi haikuwako. Mashine ya kutengenezea kahawa ilikuwako, na chuma cha kuchomea mkate, na glasi za mvinyo kumi na mbili. Mbuzi ya kukunia nazi, katika nyumba iliyo Mombasa, hakuna. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa ya kupikia watu wanne, na visu havikati hata nyanya. Hapo nilihisi mwili umeniisha, maana nilikuwa nimemwahidi.

Aliyetuokoa ni mtunza nyumba, kijana wa Kigiriama anayeishi chumba cha nyuma na mkewe. Alikuja kutusalimia, "Shikamoo bibi," mama akamwitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani kwako mnapika kwa nazi?" Kijana akacheka, akaenda zake, akarudi na mbuzi ya mkewe, sufuria namba kubwa na mwiko wa mbao. Hakutaka hata shukrani. Kuanzia hapo mkewe na mama wakawa wanaonana kila asubuhi, na mtoto wa mdogo wangu akapata mgongo wa tatu wa kubebwa.

Kesho yake nilimkuta mama amekaa juu ya ile mbuzi kibarazani, miguu ameitanua, sinia chini ya meno ya chuma, na binti yangu wa miaka tisa amechuchumaa ubavuni pake. Anamwonyesha namna ya kuzungusha kifuu: si kukandamiza, ni kuzungusha, na ukiona weupe unaanza kuchanganyika na kahawia, acha, umefika kwenye gamba, litachafua tui. Nazi inaanguka kwenye sinia kama unga wa theluji nyepesi. Mtoto akajaribu, akapata vipande vikubwa vikubwa, mama akamshika kifundo cha mkono akaenda naye polepole. Halafu maji ya vuguvugu, mkono, chujio: tui zito kando, tui jepesi kando, chicha wakapelekewa kuku wa mtunza nyumba. Nilisimama mlangoni na kikombe changu, nikashindwa kuingia. Nairobi tunanunua tui la boksi. Binti yangu hakuwahi kuona mikono ya nyanyake ikifanya kazi ile.

Chakula cha siku hiyo kilikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka. Samaki tulimnunua ufuoni kwa wavuvi waliokuwa wanarudi na ngalawa, shilingi 600 kwa kilo, magamba bado yanang'aa. Kuna jiko la makaa nyuma ya nyumba, nalo naliombea dua, kwa sababu mtungi wa gesi ulikuwa wa kilo 6 na uliisha siku ya tatu, saa moja usiku, pilau ikiwa ndiyo kwanza imetiwa mchele. Tukaihamisha sufuria kwenye makaa, tukapalilia kwa moto wa juu kama zamani. Mama alisema bora gesi iishe kila siku. Hata hivyo, mtungi wa kilo 6 kwa nyumba inayokodishwa kwa watu tisa hautoshi, nilimwambia mwenye nyumba hivyo na hapa nasema tena.

Jambo la maji ndilo zito zaidi. Maji ya bombani katika nyumba ile yanatoka kisimani, nayo ni ya chumvi. Chai ya kwanza tuliyopika jioni ile ilirudi ndani ya vikombe. Watoto walidhani tumekosea sukari. Wenyeji wa Mombasa wanalijua hili, maji matamu ya mji yanatoka mbali, mengine tangu chemchemi za Mzima kule Tsavo, na hayafiki kila nyumba kila siku. Kwa hiyo wengi wana kisima cha kuogea na kufulia, na maji ya kunywa na kupikia wananunua kwa mitungi ya lita 20. Hilo si kosa la mtu. Kosa ni kutoambiwa. Tangazo lilisema maji yapo saa zote, likanyamaza hapo. Laiti ningejua, ningeagiza mitungi ikatungoja mlangoni badala ya kumtafuta mtu wa mkokoteni usiku na mtoto analia.

Na hata hayo ya saa zote hayakuwa hivyo. Siku ya pili tangi likakauka saa tatu asubuhi, watu wamerudi baharini wamejaa mchanga. Pampu ilikuwa imekufa. Mwenye nyumba hakai Mombasa. Alipokea simu ya nne, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba sisi tunatumia maji vibaya. Nilikasirika, sitaficha. Watu tisa ndio tulioandika kwenye makubaliano, na watu tisa ndio tulioingia. Fundi alikuja saa kumi alasiri. Kati ya saa tatu na saa kumi, mtunza nyumba alitubebea ndoo kumi na moja kutoka kwa jirani, na mama akaoga kwa kopo kama alivyooga utotoni, bila kulalamika. Mwenye nyumba baadaye alipunguza shilingi 5,000 kwenye hesabu. Hilo nalo ni haki nilitaje.

Tangazo lilisema pia kwamba pwani ni hatua chache. Kwa mume wangu na watoto ni dakika tatu. Kwa mama ilikuwa dakika kumi, kwa sababu njia inashuka kwenye jabali la matumbawe kwa vidato 23 vya mawe, bila pa kushika. Tulimshusha mara mbili tu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kama una mzee wa kiti cha magurudumu, nyumba hii haimfai kwenda baharini, labda akae barazani asikie mawimbi.

Bahari yenyewe inataka kujulikana. Tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua, na bamvua ya Mombasa si mchezo: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Kuelekea saa nne, saa tano asubuhi yamepwa mpaka unaona mwamba mtupu huko mbali, na saa kumi alasiri yamejaa yanapiga chini ya vidato. Watoto walioamka na nguo za kuogelea saa tatu waliikuta bahari imeondoka, mdogo akaniuliza nani ameimwaga. Lakini maji yakipwa ndipo raha yao nyingine inapoanza: vidimbwi vyenye samaki wadogo wa milia, kaa, nyota za bahari. Wavalisheni viatu vya mpira. Wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wamejificha kwenye mawe, na mume wa mdogo wangu alikanyaga mmoja, tukakaa nusu saa tunamtoa miiba kwa sindano. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo ukiijua saa ya siku ya kwanza unaweza kupanga wiki nzima. Mtunza nyumba alikuwa akimwandikia mwanangu mkubwa saa za kujaa na kupwa kwenye karatasi ya friji. Natamani mwenye nyumba aifanye hiyo iwe desturi.

Agosti ni kusi, bahari ina mawimbi na upepo ni wa kutosha, si ile bahari tulivu ya kaskazi. Hata hivyo joto halichoshi, na watoto wachanga wanalala vizuri. Maembe si msimu wake, machungwa na madafu yapo tele.

Tulitoka siku moja tu, tukaenda Haller Park hapo Bamburi, ambapo machimbo ya kiwanda cha saruji yaligeuzwa msitu wa mivinje kuanzia mwaka 1971. Watoto walitaka kusikia habari ya Owen, yule kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaja kumganda kobe mzee kama mamake. Wakalisha twiga kwa mikono, wakarudi na harufu ya mate ya twiga, wakaoga (maji yalikuwako). Asubuhi nyingine mimi na mama tulikwenda soko la Kongowea kwa tuktuk. Nilikuwa nimemshika mkono kuvuka kule kwenye vitunguu, mara nikagundua yeye ndiye anayenishika na kunivusha. Aliuliza bei kwa Kiswahili cha kwao, wauza mboga wakamwita "bi mkubwa", na bei zikashuka. Chakula chote cha siku tano kilitugharimu kama shilingi 24,000, samaki na nyama ndani yake.

Angalizo moja kuhusu kunguru: ni wengi na hawana haya. Usiache dirisha la jiko wazi. Tulipoteza vipande viwili vya nguru vilivyokwisha tiwa ndimu na pilipili, kwa kufumba na kufumbua.

Nikiulizwa alama, natoa nne kati ya tano. Ile moja imechukuliwa na maji, na maneno ya simu ya siku ile. Nimeshaweka nafasi tena ya Aprili, kwa sharti niliyoandikiana na mwenye nyumba: mtungi wa kilo 13, pampu mpya, bomba la kushika kwenye vile vidato. Mawili ya kwanza amenitumia picha zake. La tatu bado nalingoja.

Tulipokuwa Kongowea, mama alikuwa amenunua mbuzi mpya. Nilidhani anaipeleka Nairobi. Asubuhi ya kuondoka nikamwona anaifunga meno kwa kitambaa ili isimkate mtoto wa mtu, kisha akainama polepole, mkono mmoja kwenye sinki, akaiingiza ndani. Ukifikia nyumba hiyo, iko kabati la chini, upande wa kushoto.