Mashine ya kukamulia ya ndoo moja: ni ya ng'ombe wangapi?

Muuzaji wa Goma atakuambia mashine hii inafaa zizi lolote. Si kweli. Ni ndoo ya inoksi ya lita 25, vikombe vinne vya chuchu, na pampu ya kuvuta hewa yenye mota ya kilowati 0.75. Kazi yake nzuri ni kwa ng'ombe 6 hadi 12 wanaokamuliwa.

Chini ya hapo, usafi unakula muda wote. Ng'ombe mmoja huchukua kama dakika 6 kwa mashine, 10 kwa mkono. Wakiwa wanne unaokoa dakika 16, kisha unapoteza 20 kuosha: kwanza maji ya vuguvugu (ya moto yanagandisha maziwa ndani ya mipira), halafu ya nyuzi 60 hadi 70 yenye sabuni ya alkali, mwisho suuza. Ukiwa na kumi, ni dakika zilezile 20.

Zizi likikua, kinachosahaulika ni mipira ya vikombe. Huchoka baada ya kukamua kama mara 2,500, au miezi sita. Ng'ombe 12 mara mbili kwa siku wanaimaliza kwa siku 104! Mpira uliolegea haukandi chuchu. Ncha inakuwa ngumu, kiwele kinavimba, na mkamuaji analaumiwa bure. Vikombe ni vilevile kwa wote, kwa hiyo anza na waliozaa mara ya kwanza, maliza na wenye ugonjwa wa kiwele. Aliyechomwa antibiotiki awe na ndoo yake, maana maziwa yake hayachachuki na mtengeneza fromaji wa Masisi atakurudishia bidoni nzima. Wa kienyeji anayekataa kushusha maziwa bila ndama, mwachie mkono.

Wenye ng'ombe ishirini hufunga ndoo ya pili kwenye pampu ileile. Hapa tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni kilopaskali 85 hivi badala ya 101, kwa hiyo pampu haina nguvu zilizoandikwa kwenye lebo. Kipimo cha mvuto kikae kilopaskali 42 hadi 45, mapigo ya mipira (kukaza na kulegea) 60 kwa dakika. Ndoo zote zikifanya kazi, acha kikombe kimoja kinyonye hewa: sindano ya kipimo ikishuka zaidi ya kilopaskali 2, pampu ni ndogo. Grupu (jenereta) nayo isipungue kilowati 2.5, mota ikianza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na grupu dogo huzimika ng'ombe akiwa ameshashusha maziwa.