Kadi isiyotaka waya: RTX 3050 ya GB 6 ndani ya kompyuta ya ofisini

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina hata subira ya salamu ndefu. Hii hapa mkononi ni kadi ya grafiki ya RTX 3050 kutoka Nvidia, ile yenye kumbukumbu ya GB 6. Naisogeza karibu na kamera. Nageuza ubavu huu, nageuza na huu. Tafuteni tundu la waya wa umeme. Tafuteni tena. Halipo! Kadi nzima inakula wati 70, na sloti ya kwenye ubao mama inatoa mpaka wati 75. Imejitosheleza hapo hapo.

Kwa mwenye mashine mpya ya gemu hili si jambo. Lakini wengi mnaoniandikia hamna mashine hizo. Mna kompyuta za mezani zilizotoka maofisini, prosesa bado ina nguvu, RAM mmeshaongeza, halafu mnakwama kwenye pawa saplai. Ngoja tufungue hii niliyonayo hapa. Naondoa ubavu. Someni lebo: wati 240. Sasa fuateni nyaya pamoja nami. Huu unakwenda kwenye ubao mama, huu kwenye prosesa, hizi nyembamba ni za SATA, za diski. Wa pini 6 kwa ajili ya kadi hakuna, wala wa pini 8. Na angalieni plagi hii kwenye ubao mama, umbo lake si lile la pini 24 mlilozoea. Kwa hiyo hata ukinunua pawa saplai kubwa, hakuna pa kuichomeka bila kuhangaika.

Hapo ndipo mtu anakuambia nunua kiunganishi cha kugeuza SATA kuwa pini 6. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imetengenezwa kubeba ampia 1.5. Zidisheni: ni wati 54. Tundu la pini 6 lina ruhusa ya kuvuta wati 75. Niliwahi kukitumia kiunganishi cha namna hiyo, na siku moja katikati ya gemu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilichomoa ukutani mkono ukitetemeka. Ndiyo maana kadi hii inanifurahisha namna hii.

Sasa tuichomeke. Kesi hii ni nyembamba, kwa hiyo nimechukua toleo fupi lenye bati fupi la nyuma. Nabana kiklipu cha sloti, nashusha kadi taratibu, nasukuma ncha zote mbili... mmesikia ule mlio? Tayari. Parafujo moja, nafunga ubavu. Kebo ya monita sasa naihamisha, inatoka kwenye ubao mama inakuja kwenye kadi. Hili naomba lisikilizwe vizuri, maana kila wiki kuna mtu ananiambia kadi yake mpya haina nguvu, kumbe monita bado iko kwenye tundu la zamani na gemu linaendeshwa na grafiki za ndani ya prosesa.

Nawasha. Inawaka! Draiva nilishazipakua, ngoja zimalize. Gemu hili hapa, azimio la 1080p, mipangilio ya kati. Tazameni ninavyogeuka haraka, picha haikatikikatiki. Nikiwasha DLSS, inachora kwa azimio dogo kisha inaikuza, na mwendo unazidi kuwa laini. Nasogeza maikrofoni kwenye feni... mnasikia? Haifokei kabisa.

Lakini kuna jambo linaniudhi, na siwezi kulinyamazia. Jina. Kuna RTX 3050 nyingine, ya GB 8, iliyotoka mwaka 2022. Hii ya GB 6 ilitoka mwaka 2024. Ukisoma boksi unadhani tofauti ni GB 2 za kumbukumbu tu. Si kweli! Ile ina viini 2560, hii 2304. Ile inasoma kumbukumbu yake kwa njia ya biti 128, hii biti 96, yaani GB 224 kwa sekunde dhidi ya 168. Robo nzima imekatwa. Ni kadi nyingine kabisa, na ilistahili jina lake yenyewe. Mnunuzi anatazama video ya kupima ile ya mwanzo, ananunua hii, halafu anadhani ameuziwa kadi mbovu. Mimi hilo naliona ni kumdanganya mtu mwenye akiba ndogo, na huyo ndiye hasa anayenunua kadi hizi.

Mtaniuliza, kwa nini usichukue RX 6400 ya AMD? Hiyo inatumia wati 53 tu, na waya haihitaji. Lakini ina GB 4, inapita kwenye njia nne tu za PCIe, yaani mawasiliano ya kadi na ubao mama, na kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 inabanwa zaidi. Tena haina sehemu ya kusimba video wakati wa kurekodi, kwa hiyo anayetaka kurushia gemu mubashara asahau. Arc A380 ya Intel naipenda, ina GB 6 na inarekodi kwa AV1, mfumo mpya wa kubana video, ila inataka Resizable BAR, yaani prosesa kuweza kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na BIOS, programu ya kuwashia ubao mama, za kompyuta hizi kuukuu mara nyingi hazina. GTX 1650 ni ya mwaka 2019, GB 4, DLSS haina.

Na sasa niseme kitu ambacho nilipoanza kurekodi sikupanga kukisema. Kama pawa saplai yako ni nzuri na ina waya wa pini 8, achana na hii niliyoishika. Tafuta RX 6600. Ilianza kuuzwa dola 329 mwaka 2021, bei yake ikashuka sana baadaye, ina GB 8, na inaiacha hii mbali. Inataka wati 132, basi. Naipenda hii kadi kwa sababu ya kesi hii nyembamba na pawa saplai hii ya wati 240. Bila hivyo vitu viwili mapenzi yangu yanapungua sana.

Kuhusu chaneli: kuanzia wiki hii video zitakuwa mbili kwa wiki, na inayofuata tunafungua pawa saplai tatu kutazama ndani. Nahitaji msaada wenu. Fungueni ubavu wa kompyuta, someni lebo, niandikieni hapo chini wati zake na kama kuna waya wa pini 6 au 8. Usiandike prosesa kwanza. Anza na lebo hiyo, nami nitakujibu kadi gani inakufaa.