Ajira Portal kwa muuguzi anayetaka kuhama hospitali binafsi: inafaa, ila usianze kwa kuacha kazi

Tathmini hii ina msomaji mmoja kichwani: muuguzi mwenye stashahada na leseni hai, amemaliza mwaka au miwili kwenye ajira yake ya kwanza hospitali binafsi, analala zamu peke yake na wodi nzima, na kipimajoto kikipotea anakatwa mshahara. Anataka kutoka. Mlango mkubwa kwake ni Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania. Kujisajili ni bure, na hospitali za serikali karibu zote, za halmashauri na za taifa, huajiri kwa kupitia hapo. Kwa kukupatia kazi, ni mfumo mzuri. Kwa kukuambia unakwenda kufanya kazi mahali pa namna gani, hausaidii kitu.

Usajili unaanza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukiwa "Mariam" NIDA, "Mariamu" cheti cha kidato cha nne, na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga imeongezewa jina la ukoo wa mume, sahihisha kabla ya kuomba. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hudai aliyebadilisha majina aje na hati iliyosajiliwa ya kubadili jina, na hati hiyo haipatikani kwa siku mbili. Kosa jingine ni kumwachia kijana wa steshenari akufungulie akaunti kwa baruapepe yake. Miezi sita baadaye nywila imesahaulika, naye kahama mtaa. Fungua kwa baruapepe yako na simu yako, hata kama kuskani utamlipa yeye.

Kwenye viambatisho hakuna mjadala. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda ya chuo na barua za kusifiwa tabia hazikubaliwi, na tangazo hulisema hilo kwa herufi kubwa. Kinachotakiwa ni vyeti vyenyewe, nakala zilizothibitishwa na wakili au hakimu, zikiskaniwa ziwe pdf. Skani kila cheti peke yake na ukipe faili jina linaloeleweka. Kukunja vyeti vitano kwenye faili moja ni kumtesa mchambuzi wa maombi bure. Barua ya maombi, kwa Kiswahili au Kiingereza, lazima iwe na saini. Barua iliyochapwa vizuri ikapakiwa bila saini ni kosa la kizembe linalowaondoa watu wenye sifa zote. Sifa moja ya mfumo isifichwe: ombi likikataliwa, ukifungua akaunti yako unaona sababu. Isome, rekebisha, uombe tena. Wapo wanaoomba mara nne na kosa lilelile.

Sehemu ya wadhamini inataka majina matatu. Hapa ndipo ugomvi na matroni, mkuu wa wauguzi, unapoweza kukugharimu, kwa hiyo usimwandike kwa sababu tu ni bosi. Inchaji (msimamizi) wa wodi uliyefanya naye kazi vizuri, mwalimu wa chuo na daktari mmoja wanatosha. Waarifu kabla hujawaandika.

Sasa kusoma tangazo, jambo ambalo wauguzi wengi wanaliruka. Tangazo likitaja taasisi kwa jina, unajua unakoelekea. Likiandikwa "MDAs na LGAs", yaani wizara, idara na wakala za serikali pamoja na halmashauri, umeomba kazi popote nchini, na kituo utakijua baada ya kufaulu. Huwezi kuchagua wodi, wilaya wala umbali na familia. Aliyekimbia kulala zamu peke yake anaweza kupangiwa zahanati yenye watumishi wawili. Portal haitakuonya. Mpigie uliyesoma naye aliye kwenye halmashauri unayoelekea, umuulize maswali mawili ya maana: usiku wanakaa wauguzi wangapi kwa wodi, na nyumba ya mtumishi ipo au ni ya kupanga. Mshahara usiulize, uko kwenye ngazi ya serikali na unajulikana.

Ukiitwa kwenye usaili, nauli, chakula na malazi ni juu yako. Beba kitambulisho, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na cheti cha usajili na leseni ya kufanyia kazi. Neno "halisi" ndilo linalowaumiza walio hospitali binafsi. Baadhi ya waajiri hukusanya vyeti halisi siku ya kuanza kazi na kuvifungia kabatini, vikitolewa kwa ruhusa ya mkurugenzi tu. Anza kuvidai mapema, kwa barua yenye tarehe, ukitoa sababu yoyote ya kweli: kuhuisha leseni, kuthibitisha nakala. Ukisubiri hadi siku mbili kabla ya usaili, mwajiri ameshajua unaondoka.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni wa kalenda. Barua ya kupangiwa kituo hutaja muda wa kuripoti, na muda huo ni mfupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa maandishi. Mkataba unaweza kutaka ndefu zaidi. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri ana haki ya kukata malipo ya siku hizo. Na usihesabu likizo kama sehemu ya notisi, sheria hairuhusu vitu hivyo viwili viende pamoja. Suluhisho ni kuzungumza: mpelekee mwajiri barua ya kuacha kazi siku uliyopata uteuzi, omba mkubaliane tarehe ya mapema, na makubaliano yaandikwe. Wenye mkataba wa muda maalumu wawe waangalifu zaidi. Kanuni za 2007 za sheria hiyo hazimruhusu mfanyakazi wa namna hii aache katikati isipokuwa mwajiri amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa, au wamekubaliana. Mkataba wa miaka miwili ukibakiza miezi mitatu, mara nyingi kuumaliza ni rahisi kuliko kubishana.

Kabla ya kukabidhi sare, piga hesabu ya unachodai. Saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku za likizo ambazo hukuchukua ni fedha. Yale makato ya vifaa vilivyopotea ni halali pale tu kosa lilipokuwa lako, ulipoelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kupinga, na hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Nakala za ratiba ya zamu ndizo ushahidi wako, kwa hiyo zipige picha kila mwezi, ukiwa bado kazini. Ukinyimwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya namna hii ndani ya siku 60. Dai pia cheti cha utumishi. Ni haki ya kisheria, si hisani ya mwajiri.

Jambo la mwisho ni michango ya pensheni. Ukiingia serikalini unahamia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, lakini miezi yako ya NSSF, mfuko wa walio sekta binafsi, haifutiki, mradi iliwasilishwa. Chukua taarifa ya michango NSSF, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Pengo likionekana, liripoti NSSF kabla hujapanda basi.