Hadithi imekatika ndani ya jicho la kimbunga, nyota nimebadilisha mara mbili

Jamani nimekuja hapa na hasira zangu. Ni programu ya hadithi za kusikiliza za watoto, jina sitaji. Nilimnunulia mwanangu moja ya binti aliyesinzia juu ya tanga kuukuu akaja kuamka Zanzibar, Aprili 1872, yumo ndani ya jahazi na kimbunga ndo hicho kinakuja.

Msimulizi hana mpinzani, hilo nakubali. Nahodha anavyofoka "shusha foromali!" mwanangu kajifunika shuka mpaka puani. Basi tukafika pale upepo unanyamaza ghafla, binti anauliza kimeisha? halafu kimya. Sisi tukajua ndo jicho la kimbunga hilo! Tumekaa gizani tumebana pumzi, mi moyoni nasifia hawa watu wanajua kazi, mtoto ananinong'oneza "usiongee, utarudi kwa upande wa pili". Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu... kumbe programu imeganda.

Nafungua upya inanirudisha mwanzo kabisa, mtoto analia. Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakakaa kimya siku kadhaa, wanakuja kunijibu eti mpendwa mteja hiyo ni ya kubuni tu, Zanzibar haina vimbunga, chagua hadithi nyingine.

Hapo ndo nilipopandwa na mori. Haina vimbunga?? Sawa ni nadra, pale ni nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, lakini cha tarehe 15 Aprili 1872 kilipiga kweli, kikazivunja merikebu za Sultan Barghash hata miaka miwili kwenye kiti hajamaliza, kikalaza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ndo Pemba ikaja kushika usukani wa karafuu. Na mimi haya nimeanza kuyasikia kwenye hadithi YENU! Hivi mnachouza huwa mnakisikiliza?

Nikawapa nyota moja. Juzi mtoto kaomba tuisikilize tena hivyo hivyo nusu, ilivyofika kwenye kimya akaendelea kusimulia mwenyewe, jahazi limepasuka, binti kadandia pipa, nikalainika nikapandisha tatu. Leo asubuhi wananitumia ujumbe eti ninunue sehemu ya pili. Ya pili ipi wakati ya kwanza hamjamaliza? Nimerudisha moja. Msimulizi peke yake ningempa tano.

Aliyefika mwisho aniambie yule binti alipona au vipi, ila asiniambie mtoto akiwa karibu.